Kama Subira Huisha Jioni

Jumatatu, 8 Septemba

Nimemwogesha kaka Athumani, nimemvika, nimemlisha uji. Nimefunga mlango, ufunguo mfukoni. Asipofungiwa hutoka kwenda bandarini, kwenye kazi aliyoiacha zamani. Vijana wa bodaboda wameshamrudisha kutoka Bombolulu. Kwa hiyo nami nimo ndani.

Huuliza kama gari la kazini limepita. Nimemjibu kwa upole asubuhi nzima. Baada ya alasiri upole haukuwepo. Nilimfokea. Alijikunyata kitini. Mtu mzima, kaka yangu mkubwa.

Jumatano, 10 Septemba

Mwanaisha, mjukuu wa kaka, amekuja na mambo ya chuo. Anasoma saikolojia. Wataalamu wa ng'ambo walifanya majaribio, wakasema kujizuia humchosha mtu kama kubeba mzigo: aliyejizuia sana mchana, jioni hana nguvu ya kujizuia tena. Baadaye wengine wakayarudia majaribio hayo, wasione kitu. Ubishi haujaisha. Naye anataka kulirudia jaribio hapa Kisauni, sebuleni kwangu.

Nilikubali upesi mno. Nadharia hii inanieleza mimi. Jumapili ya wiki ijayo jamaa watakutana hapa. Nataka kaka akakae Likoni kwa mwanawe Salim, baba yake Mwanaisha. Kusema "sitaki" ni aibu. Kusema "imethibitishwa" si aibu.

Jumamosi, 13 Septemba

Jaribio. Majirani walikuja, wengi wao niliwafundisha. Nusu yao waliketi mbele ya sahani ya kaimati za moto, wakakatazwa kuzigusa. Wengine hawakuwekewa kitu. Kisha wote wakapewa mchoro wa kufuatisha bila kuinua kalamu wala kupita mstari mara ya pili. Hauwezekani. Hawakuambiwa hilo. Kinachopimwa ni muda ambao mtu atavumilia kabla ya kuacha. Waliambiwa waziwazi: ukichoka, inuka uende.

Mimi niliketi mbele kusimamia.

Hakuinuka mtu. Si wa kaimati, si wale wengine. Adhana ya adhuhuri ndiyo iliyowaokoa. Bi Rukia, muuza mahamri, alinicheka mlangoni: "Kuambiwa nimeambiwa, Mwalimu. Lakini wewe umekaa pale na miwani yako, mimi niinuke niende wapi?"

Heshima imeharibu kipimo. Heshima yangu. Mwanaisha hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Jumapili, 14 Septemba

Mwanaisha amerudia jaribio kwa watu wengine. Mimi nimefukuzwa kwa adabu: "Babu, leo kaa chumbani na mwenzio."

Nilikaa. Chumba kidogo, joto, kaka kitandani, mimi kwenye kigoda. Nilisikia viti vikisogezwa sebuleni, watu wakitoka mmoja mmoja. Nilifurahi. Wanachoka, nikasema moyoni. Kaka akauliza. Nikamjibu. Akauliza. Nikamshika mkono, nikaubana. Alama imebaki.

Nguvu ya kubana ilikuwepo.

Ijumaa, 19 Septemba

Matokeo. Waliojizuia na wasiojizuia waliacha karibu sawa. Mwanaisha anasema watu walikuwa wachache. Hawezi kudai kwamba jambo hilo halipo, ila yeye hakuliona. Ni sahihi. Nilimwomba aandike kwamba dalili zipo.

"Babu, wewe ndiye uliyetukataza kuandika tusichokijua."

Alinitazama mpaka nikainamisha macho. Sina cha kuwapelekea jamaa. Nimenaswa. Nimemchukia mtoto yule kwa muda mfupi.

Jumapili, 21 Septemba

Jamaa wamekuja. Nilikuwa nimepanga hotuba. Yalinitoka maneno mengine: siwezi tena kukaa naye, nimemuumiza mkono.

Nilitazama mkeka.

Salim ndiye aliyesema kwanza. "Ami, mbona hukutwambia? Sisi twajua wapenda kuwa naye. Kila tukikuuliza habari ya nyumbani wasema alhamdulillahi."

Kweli, ndivyo nisemavyo. Mtu huulizwa hali, hujibu hivyo. Sikujua kwamba walikuwa wakiliamini jibu hilo.

Kaka atakwenda Likoni kesho. Hakuna aliyenisuta. Mke wa Salim aliuinua ule mkono, akautazama, akaushusha taratibu. Hiyo ilitosha.

Jumatatu, 22 Septemba

Wameondoka mapema kuwahi feri. Kaka hakugeuka nyuma. Alikuwa akizungumza na dereva.

Nimefagia. Nimepika wali, ukazidi. Mchana kutwa hakuna aliyenisemesha, hakuna nilichojizuia.

Baada ya alasiri hasira ilikuja, wakati wake uleule. Haikuwa na wa kumwendea. Nilikaa nayo mpaka ikapita.

Baada ya isha nikampigia Salim kumwambia kwamba kaka hupenda kulala upande wa ukutani. Akasema ameshalala.