Betri Niliyoitoa Kwenye Kompyuta Yako

Mama yangu,

Kompyuta iliyopo dukani siyo yako. Kasha ni lako, na ile alama ya ubavuni ilipogongwa siku tunahamia Gungu bado ipo, lakini ndani kila kitu ni kigeni isipokuwa diski. Yako iliungua mwezi wa pili, na aliyeiunguza ni mimi. Fundi aliyeifungua aliona imeungua lakini hakujua kwa nini. Baba hajui hata kwamba iliungua. Sijamwambia mtu yeyote, wewe ndiye wa kwanza.

Unakumbuka kanuni yako ya umeme. Ukikatika, chomoa, na kila jioni chomoa. Ukirudi, usichomeke mpaka usikie mashine ya kusaga ya jirani imeanza kunguruma. Ulisema umeme wetu ukirudi unakuja mwingi kupita kiasi, na ile mashine ndiyo inayoupunguza kasi. Wateja walikuwa wanakutania. Siku moja mmoja alikuuliza, "Mama Neema, kwani kompyuta yako inakula ugali?" Ukamjibu bila kuinua macho kwenye uzi, "Haili, lakini inasubiri wenzake waanze." Nilicheka mpaka nikajichoma sindano.

Siku ile alikuja Mama Furaha, yule mwenyekiti wa kwaya. Alileta mashati ishirini na manne ya siku ya mavuno, akataka kola zidariziwe lile suke la mahindi lenye wimbi chini yake, ulilowachorea wewe kwenye kompyuta. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Ukarudi akiwa amenisimamia kichwani.

"Washa basi, binti. Umeme si huu hapa?"

Mashine ya kusaga ilikuwa kimya. Nilijua. Nilitakiwa kusema maneno machache tu, "Subiri kidogo, mama," lakini unanijua. Mtu mzima akinisimamia, maneno yanabaki kooni. Shuleni mwalimu alikuwa akiniuliza kitu ninachokijua na bado nainamisha kichwa. Nikachomeka kompyuta, nikabonyeza. Ukasikika mlio mdogo kama kijiti kikavu kinavunjika, kisha harufu ya plastiki.

Mama Furaha akatikisa kichwa. "Imezeeka maskini. Imejitahidi."

Nikaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo panaponiuma kuliko pengine pote, mama. Niliacha kompyuta yako isingiziwe uzee. Nikamwambia ni waya tu, arudi baada ya wiki mbili.

Baba aliporudi kutoka ufukweni Kibirizi, ananuka dagaa na jua, aliuliza kama kawaida kama dukani kwema. Nikasema kwema. Ningesemaje? Siku tulipotoka kukuzika, baba mkubwa alisema vitu vya dukani vigawanywe, na baba akamjibu mbele ya watu wote, "Cherehani chukueni. Kompyuta ya mke wangu isiguswe. Bado ina mkono wake." Ndiyo mara pekee niliyomsikia akimpinga kaka yake.

Nikasubiri baba aondoke asubuhi, nikaifunga kwenye shuka na kupanda nayo bodaboda mpaka Ujiji, kwa Fundi Idi. Aliifungua, akapuliza vumbi, akanitazama.

"Binti, hii mlikuwa mnaitumia au mlikuwa mnafugia kuku?"

Akaendelea kuchokonoa, akasema pawa saplai, kile kisanduku kinachopokea umeme, imekufa, na imekufa pamoja na mazabodi, ile sahani kuu ya ndani, lakini diski ni nzima. Akanishauri nichukue kompyuta mpya, niweke Windows mpya, niachane na mambo ya wazee.

"Programu ya mama haifunguki kwenye mpya," nikasema.

"Sema kwa sauti. Mimi siyo mwalimu wa zamu."

Nikarudia. Nikamweleza kwamba mashine ya kudarizi uliyoinunua kwa masista walipofunga darasa lao la ushonaji inaelewa programu moja tu, na programu hiyo inaelewa Windows moja tu, ile ya zamani. Na ina kifunguo chake, kile kidude kinachochomekwa nyuma kwenye tundu pana la printa za zamani. Bila kifunguo haifunguki, na bila programu michoro yako yote ni majina tu kwenye diski. Nadhani sikuwahi kusema maneno mengi kiasi hicho kwa mtu nisiyemjua.

Fundi Idi akacheka. "Kwa hiyo unataka nimchukue kijana, nimvalishe nguo za babu yake."

"Ndiyo."

"Na asijikwae."

"Ndiyo, fundi."

Alikuwa na rundo la kompyuta zilizotolewa kwenye ofisi, si mpya kabisa lakini mpya kwetu. Nilizigeuza moja moja kuangalia mgongoni. Ya sita ilikuwa na tundu pana. Tukahamisha sehemu zake za ndani kwenye kasha lako, tukafunga diski yako. Malipo yangu yalikuwa kumdarizia mkewe mashuka mawili, mashine ikiamka.

Haikuamka. Ilikuwa inaonyesha ile nembo ya Windows kwa kufumba na kufumbua, kisha skrini inakuwa ya bluu yenye maandishi meupe na kila kitu kinaanza upya. Fundi Idi alijaribu mara tatu akasema hapo yeye amefika mwisho, ana simu za watu za kutengeneza. Nikakaa kwenye kibao chake siku tatu, nikisoma kwenye simu yangu maelezo ya watu wa nchi nyingine walioandika shida kama yangu. Wengi walikuwa wanabishana. Mmoja aliandika kwa ufupi kwamba kompyuta za sasa husoma diski kwa njia ambayo Windows ile haikufundishwa, lakini nyingine bado zinaikumbuka njia ya zamani ukiziambia. Mahali pa kuziambia ni kwenye ule ukurasa unaokuja kabla Windows haijawaka, ule ule ambao wewe ulikuwa unawekea tarehe kila asubuhi.

Nikaingia, nikatafuta, nikabadilisha neno moja. Kikatokea kile kilima cha kijani cha picha ya mwanzo, na hakikuondoka. Ulikuwa ukisema ni kilima cha kwa bibi, Simbo, ila mpiga picha aliogopa mihogo, akaiacha nje ya picha. Nilikitazama kidogo halafu nikafungua suke la mahindi, nikaliona lipo na wimbi lake, nikafunga tena nisije nikaharibu kitu. Fundi Idi alisimama nyuma yangu. "Kumbe unaweza," alisema. Hakunitania tena siku hiyo.

Mashati yaliwahi. Siku ya mavuno Mama Furaha aliishika kola yake, akaniambia mbele ya kwaya, "Mkono wa mama yako huu huu." Nikainamisha kichwa. Walidhani ni aibu yangu ya kawaida, kumbe ni ile siri ya kompyuta.

Sasa nifike kwenye tarehe.

Betri ya saa ya kompyuta yako ilikufa kabla sijajua kusoma, na hukununua nyingine. Kila asubuhi kompyuta iliamka ikidhani ni mwaka wa nyuma kabisa, nawe unaisahihisha ukitaja kwa sauti: "Leo Jumanne, tarehe tisa, mwezi wa tano. Na bado tupo." Baba barazani anavaa mabuti yake ya Kibirizi. Ulipofariki, nilipoiwasha mara ya kwanza nilitaja tarehe vile vile, kwa mazoea. Ile sehemu ya mwisho haikutoka. Nikachungulia, baba alikuwa amesimama na buti moja mkononi anasikiliza. Tangu hapo sikuacha. Hata zile siku kompyuta ilipokuwa Ujiji, niliitaja nikiwa mbele ya meza tupu niliyoifunika kitambaa.

Hii mpya ilikuja na betri nzima. Asubuhi ya kwanza iliwaka ikijua siku, saa na dakika, nami nikaanza kazi. Baba akaita kutoka barazani.

"Neema."

"Abee, baba."

"Leo hujaitaja tarehe."

Nikaitaja. Akashika ndoo zake akaondoka. Wiki nzima nikawa naitaja hivyo hivyo, naisoma kwenye kona ya skrini kama mtangazaji, kuiambia mashine kitu inachokijua. Nikaona nimemdanganya baba mara mbili, mara ya kwanza kuhusu mashine na sasa kuhusu hata hiki kidogo anachosubiri kila siku. Cha kwanza sikuweza kukirudisha. Cha pili niliweza.

Basi nikafungua kasha nikaitoa betri. Ni ya duara, bapa, ukiitazama haraka utadhani kifungo cha koti. Sasa, kwa kuwa tunachomoa waya kila jioni kama ulivyotaka, kila asubuhi kompyuta inaamka imesahau. Na haisahau tarehe peke yake, inasahau na ile njia ya zamani ya kusoma diski. Kwa hiyo naingia kwenye ule ukurasa naiambia mambo mawili: leo ni lini, na isome kama zamani. Nikikosea la pili inanirudishia ile bluu. Inanichelewesha kidogo, na Fundi Idi akijua atanicheka mpaka alie.

Asubuhi ya kwanza bila betri nilitaja tarehe kwa sababu ilihitajika. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida. Nikamaliza kutaja mwezi, nikanyamaza pale ninaponyamaza siku zote. Baba barazani, akikaza kamba ya ndoo, akamalizia.

"Na bado tupo."

Hakuingia ndani. Alienda kazini. Umeme haukuwa umekatika, lakini mimi nikangoja mashine ya kusaga ianze, ndipo nikawasha ile ya kudarizi.

Kuhusu siku ya Mama Furaha na umeme nitamwambia baba mwenyewe, nikipata sauti. Nadhani nitaipata, maana wiki iliyopita nilimwambia mteja asubiri na akasubiri. Lakini ya betri, mama, naomba isitoke hapa. Nimeiweka kwenye kopo lako la vifungo, chini kabisa. Usimwambie mtu.

Ni mimi,
Binti yako wa dukani