Kidole cha Karani

Jumatatu, 3 Machi

Daktari ameacha kunihesabia miezi. Sasa anasema wiki. Alisema hivyo huku akipapasa meza kutafuta miwani yake.

Nikarudi nyumbani nikachemsha dengu. Karani hali kiporo – kasuku huyu anadeka kuliko mtoto wa mwisho. Dengu zilainike bila kupondeka, mchele usiokobolewa, boga, karoti ya kukwaruza. Bila chumvi, bila mafuta, bila sukari. Kama chakula changu. Vikipoa navichanganya na kuvigandisha kwenye trei za barafu: kipande kimoja, mlo mmoja. Leo nimepata vipande arobaini na viwili. Huenda akiba yake ikadumu kuliko mimi.

Jumatano, 5 Machi

Binti yangu amehamia chumba cha nyuma na cherehani yake. Anadai huku kuna mwanga mzuri wa kushonea. Chumba kile hakina dirisha la maana. Tukaendelea kunywa chai.

Nikiondoka, atamchukua Karani. Ndiye pekee aliyebaki wa Mama, anasema. Nikampa orodha ya vitu asivyopewa ndege: kahawa, chokoleti, vitunguu, parachichi. Parachichi nimelipigia mstari mara mbili.

"Hilo nalo limekukosea nini, Baba?"

Nikasema kitabu kinakataza. Ni kweli kinakataza. Nilikisoma nikiwa nimechelewa kwa siku moja.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike, maana mdomo unagoma.

Miaka kumi na moja iliyopita, mke wangu akiwa amelazwa hospitali, nilimpa Karani parachichi. Lilikuwa limeiva vizuri. Nilikuwa nimefundisha biolojia miaka thelathini na moja, na nilidhani namfanyia hisani. Jioni alishuka akakaa sakafuni mwa kizimba, manyoya yamefumuka. Asubuhi nilimkuta amekufa. Nilimzika nyuma ya tangi la maji.

Kabla mke wangu hajaruhusiwa kutoka, nilinunua mwingine. Kijivu kile kile, mkia mwekundu ule ule. Ila bubu. Nikamwambia mke wangu ndege amenuna kwa kumkosa. Akaanza kumfundisha upya, yeye mwenyewe akiwa kitandani, miezi mitano. "Umekula?" "Funga mlango." Ndiyo sauti inayosikika humu hadi leo. Kwa hiyo binti yangu hajakosea sana. Nami kila ninapotaka kumwambia, najificha nyuma ya hilo "sana".

Kitu kimoja sikukifikiria. Karani wa kwanza alikuwa na vidole vitatu mguu wa kushoto. Binti yetu, akiwa na miaka saba, aliubamiza mlango ndege akiwa pale, ukamkata kidole. Huyu anavyo vyote vinne. Wiki ya pili, mke wangu aliutazama mguu ule kwa muda.

"Kidole chake kimeota," alisema.

Nikajibu kwamba kwa ndege hutokea. Mwalimu wa biolojia! Akaendelea kumenya mbegu za boga. Hakulitaja tena mpaka anafariki. Sijui kama aliniamini au alinihurumia.

Jumamosi, 8 Machi

Kifua. Sikutoka kitandani.

Binti amepika mwenyewe. Yai la kuchemsha, ganda lake kalisaga laini, na pilipili juu – Karani hula pilipili kama peremende. Anamsukumia bakuli kwa kijiko cha mpini mrefu. Miaka yote hii hajawahi kumshika. Anasema ndege hajausahau ule mlango, ana kinyongo kama shangazi. Alicheka, lakini mkono mwingine alikuwa ameuficha mgongoni.

Hapo ndipo ningemwambia kwamba ndege huyu hamdai chochote. Niliomba maji.

Jumapili, 9 Machi

Leo nafuu. Ameniketisha jikoni, daftari mezani, mto mgongoni.

Amekwaruza karoti, akayeyusha kipande kimoja cha akiba, akaonja. Kasema hata yeye angekula, kama angefungwa jela. Kijiko hakukiona, nikamwambia atumie vidole. Akashika kipande cha boga, akafumba macho. Karani akakitazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Akapanda kwenye kifundo cha mkono wake, akatulia.

"Umekula?" akauliza ndege. Sauti ya mama yake, hata kile kikohozi kidogo mwishoni.

Binti yangu alilia bila kutoa sauti. "Amenisamehe, Baba."

Nikachukua kalamu, nikaanza kuandika haya.

Akausogeza mkono dirishani. Alitaka kuliona lile kovu, alisema, maana hakuwahi kuthubutu kulitazama tangu utotoni. Akavigusa vidole vya mguu wa kushoto kimoja kimoja, kama watu wanavyomhesabia mtoto mchanga. Akaanza tena mwanzo.

"Baba. Kidole chake kimeota?"

Maneno yale yale ya mama yake. Hakuwapo siku ile, wala hakuna aliyemsimulia.

"Hutokea" lilikuwa tayari mdomoni, limesubiri miaka kumi na moja. Nimelimeza. Nimemwomba anipe dakika moja nimalize ninachoandika.

Amevuta kiti, ameketi mbele yangu. Karani yuko bado mkononi mwake, anakula boga. Dakika imekwisha. Haulizi tena. Anaitazama kalamu.