Gari la Kijani Lirudi kwa Magurudumu Yake

Fuchu-cho, Aki-gun,
Hiroshima.
Jumanne, 12 Machi 2024.

Mpendwa Shangazi Fusako,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba lile goti lililokunyima usingizi tangu Desemba sasa limetulia. Mjomba Renato hajambo? Na watoto? Najua huko Curitiba joto ndilo linaaga, wakati sisi huku ndiyo kwanza tunaanza kutoka bila koti zito.

Nyumbani tuko salama. Babu anakula vizuri, ila jicho la kushoto sasa linaona ukungu mtupu. Baba bado yuko Thailand kikazi na hatarudi mpaka mwisho wa Aprili. Chaza wa mwaka huu walinona. Babu anakuomba ukumbuke walivyo wakichomwa juu ya makaa, nami nimemwambia kwamba hiyo si salamu, ni kukutesa.

Mimi ni mzima wa mwili. Kwa mengine sina hakika. Ninavyoandika, mguu wangu wa kushoto unakanyaga sakafu chini ya meza, unashuka haraka na kupanda polepole. Nikiugundua nauzuia, na baada ya mistari miwili umeanza tena.

Katika barua yako ya Mwaka Mpya uliniuliza swali ambalo sikulijibu. Uliuliza inakuwaje baba yako anajua ukubwa wa matairi ya gari la mtu baki huko Sakai, na hajui siku za kuzaliwa za watoto wako. Nililisoma mara nyingi. Sikutaka kumtetea, na sikutaka kukubaliana nawe pia. Sasa nina la kukuambia, lakini itabidi nianzie mbali kidogo.

Unazijua kadi za Babu. Kila Mwaka Mpya tangu zamani zilikuwa zikija kumi na moja, kutoka kwa wale watu kumi na moja aliowauzia magari ya Matsuda, kiwanda cha mji wetu, kule Osaka. Kwao si kadi za heri tu, ni taarifa za magari. Yule mfuga nyuki aliandika kwamba nyuki walizaliana ndani ya kiti cha nyuma, naye kwa heshima yao akakaa wiki mbili bila kuliendesha. Mwalimu mmoja aliozesha mabinti watatu kwa gari lilelile. Mwingine alilalamika kwamba kila akiwasha joto gari linanuka ngisi mkavu, na Babu akamjibu kwa upole kwamba aache kuanikia ngisi ndani ya gari. Nilipokuwa mdogo nilidhani hao ni ndugu zetu.

Mwaka huu ilikuja kadi moja tu. Ni ya Bi. Uozumi, mjane wa yule mnoa visu wa Sakai aliyekuwa mteja wa kwanza wa Babu. Anahamia kwa binti yake, na nyumba yao inabomolewa. Gari lao la kijani, la aina inayoitwa Familia, la mwaka sabini na saba, bado linatembea, lakini muda wake wa ukaguzi unakwisha Jumapili hii, tarehe kumi na saba. Baada ya hapo halina ruhusa ya kuwa barabarani, na Jumatatu wavunjaji watakuja kulichukua. Aliandika kwamba kama Babu analitaka ni lake, kwa sharti moja: lirudi Hiroshima kwa magurudumu yake, kama lilivyokuja.

Baba alisema kwa simu kwamba lipakiwe kwenye lori na yaishe. Babu akajibu kwamba gari zima halibebwi mgongoni kama mgonjwa. Akataka kwenda kuliendesha mwenyewe, na jicho lile. Tulibishana siku tatu, Shangazi, na katika siku hizo nilimwona amezeeka. Mwishowe alikubali kwamba hataendesha tena gari lolote, na kwamba leseni yake atairudisha polisi. Kisha akampigia Bi. Uozumi, nami nimekaa hapo hapo namenya chungwa, nikamsikia akisema kwa fahari, "Mjukuu wangu atakuja kulichukua. Huyu ni damu ya Matsuda, gia anazijua tangu tumboni."

Shangazi, leseni yangu ni ya magari ya otomatiki tu.

Nilijifunza hivyo chuoni kwa sababu ilikuwa haraka na wenzangu wote walifanya hivyo. Sikuwahi kumwambia. Nafanya kazi kwenye kampuni inayotengeneza mipira ya milango ya magari ya Matsuda. Kwenye maegesho yetu hakuna gari la chapa nyingine, na mfanyakazi aliyeolewa na mtu wa Nagoya, kwa washindani wetu, huliacha la mumewe kule kwenye duka la dawa na kumalizia kwa miguu. Babu yangu alitumia miaka kumi na minne kuchunguza kwa kidole vile vipande vidogo vya injini ya kuzunguka, vinavyofanana na ukucha. Ningemwambiaje kwamba sijui kubadilisha gia? Nikaendelea kumenya chungwa.

Siku iliyofuata nilijiandikisha katika shule ya udereva ili kifungo hicho cha otomatiki tu kiondolewe. Ni masaa manne ya mafunzo na mtihani. Niliona ni jambo dogo. Mwalimu wangu, Hamaguchi, ni mtu mnene mtaratibu anayetafuna pipi ya tangawizi muda wote. Nilizima injini mara tisa katika saa ya kwanza. Mara ya tisa akasema, "Dada, hiyo klachi haijakukosea kitu. Usiikanyage kama unaua mende." Mtihani wa kwanza, Jumatano iliyopita, nilishindwa kwenye kilima. Gari lilirudi nyuma karibu mita moja, na mtihani ukaishia pale. Wa pili ni keshokutwa. Nikishindwa tena, hakuna siku nyingine kabla ya Jumapili.

Juzi, Jumapili, nilishindwa kuendelea kunyamaza. Babu alikuwa ameketi barazani akilisha paka wa jirani. Nikapiga magoti nikamwambia yote, kuanzia chuoni hadi kilimani. Aliendelea kumlisha paka. Nilitamani anifokee.

Kisha akauliza, "Lilirudi nyuma kiasi gani?"

Nikamwambia mita moja.

"Mimi nilirudi mbili. Mwenzio niligonga na ukuta."

Ndipo akaniambia jambo ambalo nadhani hata wewe hulijui. Unakumbuka, au umesimuliwa, jinsi mafuta yalivyopanda bei na zile injini za kuzunguka, zilizokuwa sifa ya mji huu, zikakosa wanunuzi kwa kiu yao ya mafuta. Kampuni iliyoanza na vizibo, ikaja kwenye malori ya magurudumu matatu, ikasalia baada ya bomu kwa kuwa ilikuwa nyuma ya kilima cha Hijiyama, sasa ilikuwa na viwanja vimejaa magari yasiyo na mwenyewe. Wafanyakazi kwa maelfu wakatolewa viwandani wakapelekwa mijini kuyauza. Babu akaangukia Osaka. Mtu ambaye mpaka leo akiagiza tambi anaonyesha picha kwa kidole.

Na alikuwa hajui kuendesha, Shangazi. Miaka kumi na minne ya injini, na kazini alikuwa akienda kwa baiskeli. Hakumwambia mtu. Aliona aibu kusema wenzake wanamsikia, na kadiri siku zilivyopita ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu. Kwa miezi mitano hakuuza hata gari moja. Jioni alikuwa akijifunza udereva kwa siri upande wa pili wa jiji, na akashindwa mtihani mara mbili.

Halafu akaja Bwana Uozumi. Hakuuliza bei wala nguvu ya injini. Alifungua mlango, akaufunga, akapitisha kidole gumba kwenye mwanya wake, akauliza nani anayepima pale. Babu akamjibu, "Mtu kama mimi, kwa kidole kama hicho." Wakazungumza saa nzima habari za vyuma. Mteja alipotaka gari lijaribiwe, Babu akampa funguo akamwambia, "Endesha wewe. Wewe ndiye utakayeishi nalo." Akaketi pembeni yake, mguu unakanyaga sakafu njia nzima akitafuta breki ambayo haikuwapo. Bwana Uozumi alinunua siku ileile.

Sasa nafika kwako. Ilikuwa Aprili ya mwaka sabini na saba. Kwa furaha ya mauzo yale Babu alipiga simu nyumbani, akaahidi kwamba sikukuu za Mei atakuja na gari, awachukue nyote mpaka kwenye kivuko cha kisiwa cha Miyajima. Kulikuwa na mtihani mmoja katikati, na alikuwa na hakika ataupita. Ndio ule wa ukuta.

Baba aliwahi kunisimulia upande wenu. Kwamba ulikuwa na miaka sita, ukavaa gauni la manjano, ukasimama kwenye daraja la mto Enko tangu asubuhi ukihesabu magari. Watoto wa jirani walikuwa wakikutania, "Baba yako anauza magari au anayaota?" Na kwamba alitokea saa nane mchana, kwa miguu kutoka stesheni ya Mukainada, na sanduku lake, na hakueleza neno. Ulimpita ukaenda nyumbani, na siku mbili alizokaa hukumsemesha.

Nilimuuliza Babu kwa nini hakukueleza baadaye, hata ulipokuwa mtu mzima. Akasema alingoja upate umri wa kuelewa, na ulipoupata ukawa umeshaondoka.

Sikuandikii haya ili umsamehe. Hilo ni lako. Nakuandikia kwa sababu nilikaa wiki tatu katika aibu kama ile, ndogo, ya kipuuzi, na niliona jinsi inavyomfunga mtu mdomo hata mbele ya anayempenda. Yeye alikaa nayo miaka arobaini na saba. Magari ya watu baki angeweza kuyaulizia kila mwaka. Wewe aliogopa kukuuliza lolote, kwa kuwa naye angeweza kuulizwa.

Nimelala vibaya. Nitaiacha barua hapa mpaka nijue.

Ijumaa, 15 Machi.

Nimepita, Shangazi.

Jana kwenye kilima niliikanyaga klachi mpaka chini, nikavuta breki ya mkono. Hamaguchi alikuwa amesimama mbali kwenye uzio, hatafuni chochote. Nikaziachia polepole, na gari likasita, likafikiri, kisha likapanda. Niliposhuka aliniambia, "Mende amepona," akaenda zake. Leo asubuhi nimepigiwa mhuri nyuma ya leseni kwamba kile kifungo kimeondolewa.

Nilimwekea Babu ile leseni mezani. Aliisogeza karibu na jicho zuri, akausoma mhuri herufi kwa herufi. Akampigia Bi. Uozumi, na safari hii akamweleza kila kitu, changu na chake. Nilikuwa karibu kiasi cha kumsikia mama yule akicheka. Alisema mumewe alijua tangu siku ile. Alirudi nyumbani akamwambia kwamba amenunua gari kwa mtu asiyejua kuliendesha, ila anayejua lilivyo ndani, na kwamba hilo lamtosha. Babu alishusha simu, akanirudishia leseni yangu.

Kesho asubuhi tunapanda treni, yeye na mimi. Nina hofu. Zaidi ya kilomita mia tatu, gia nne, na gari lenye umri wa kunizaa. Jirani wa kibanda cha chaza ametupa nafasi ya kuliweka. Jumatatu tutaenda wote polisi, arudishe leseni yake.

Alipojua nakuandikia, alizunguka meza mara tatu, akatoka, akarudi ndani akiwa amesahau kuvua viatu. Kisha akasema, "Mwambie Fusako akija, nitamfuata stesheni na gari."

Nikamkumbusha kwamba kuanzia Jumatatu hatakuwa na leseni.

"Nimesema nitamfuata," akanijibu. "Kuendesha utaendesha wewe. Mimi nitakaa pembeni nikanyage sakafu."

Msalimie sana Mjomba Renato, na Mayumi, na Otavio, ambaye siku yake ya kuzaliwa ni tarehe tisa Juni. Nimemwandikia Babu tarehe hiyo kwenye kalenda ya jikoni, na leo nimeona ameizungushia duara mara mbili. Baba atakupigia akirudi. Afya na heri visitoke mlangoni kwako, na njia zako zote ziwe njema, mpaka hii ya kuja kwetu.

Ni mimi nikupendaye, mtoto wa kaka yako,

Chigusa