Sinema Yako Imetoka Bubu

Kaka Zakayo,

Cheka kwanza, halafu nikueleze.

Tangu tukuzike, gitaa lako liko kwangu hapa Bondeni. Ile chupa ya soda niliyokuwa nikikugongea kwa msumari nimempa shemeji Raheli. Ndiye anayenishikia mdundo siku hizi, na kwa kukemea amekupita. Wewe ulikuwa ukisema tu, "Pole pole wewe, hakuna treni tunakimbilia."

Mwezi uliopita tulikufanyia tamasha ukumbini. Akaja bwana mmoja na mtambo wa sinema, na mimi nikafurahi mno. Uliondoka bila kuacha hata santuri moja, kaka. Hofu yangu ilikuwa hiyo tu, kwamba mimi nikifa, nyimbo zako nazo zitazikwa. Basi tulipiga! Kila mwimbaji alijisogeza mbele ili sauti iingie vizuri. Mimi nilikisogelea kile kioo cha mtambo nusura nikilambe.

Jana mchana bwana huyo aliileta sinema yenyewe. Tukaziba madirisha kwa mablanketi, tukatundika shuka jeupe. Hata akina mama wa Kuresoi walishuka na lori la viazi. Picha ikawaka: midomo inafunguka, vidole vinakimbia, sauti hakuna. Bwana wa sinema akatushangaa. "Huu mtambo ni wa picha tu. Kwani nani aliniuliza?"

Kweli, hakuna aliyeuliza. Nililia, sikufichi. Niliona kama umekufa mara ya pili.

Raheli akanisukuma bega. "Wewe, gitaa si hilo hapo? Ama unangoja Zakayo afufuke?" Akaanza kugonga chupa. Nikaketi chini ya shuka, nikapiga nikifuata vidole vyangu mwenyewe pale juu, na ukumbi mzima ukaimba. Tulipofika ubeti wa tatu, ule ninaousahau kila mara, nikanyamaza. Wale akina mama wa Kuresoi hawakunyamaza. Waliuimba wote, neno kwa neno. Kumbe huuimba shambani wakichimba viazi, na wengine hawakujua hata jina lako.

Sasa wanalijua.

Sinema inapelekwa Molo, kisha kwingine. Mimi na Raheli tutaifuata; popote litakapotundikwa shuka, tutakuwa chini yake. Ubeti wa tatu nimefundishwa upya na nimeushika.

Pumzika, kaka. Nitapiga pole pole. Hakuna treni.

Ni mimi,
Wekesa wa chupa