Dagaa wa Mchanga wa Kasenyi

Jumatatu, 31 Julai 1972
Nimefika! Shinyanga vumbi mpaka kwenye meno. Hapa ziwa mpaka macho yanachoka. Mpango wangu wa likizo ya shule ni mmoja tu: wiki mbili nalala Kasenyi, nikitaka natoka — kisiwani, Rwamgasa, popote — na jioni narudi kuoga ziwani.

Nimepata chumba kwa Mama Justina, mjane wa Kizinza, sauti kama kengele ya kanisa. "Karibu, Msukuma. Ng'ombe umemwachia nani?" Nikamjibu nimewaachia Wazinza, wapate kazi. Amecheka mpaka kashika mlango. Tutaelewana.

Jambo moja limenichefua. Pale liliponishusha lori, dagaa wameanikwa mchangani, wazi, kuku wanadonoa. Ndicho chakula tunachowalisha watoto? Kabla hata sijafungua sanduku nimemwandikia mhariri wa gazeti. Dereva ameondoka na barua. Sahihi ileile ya gazetini: Mwiba wa Tinde. Miaka tisa nachoma, na hakuna aliyenijua!

Alhamisi, 3 Agosti
Kisiwani kwa mtumbwi wa Masele, mvuvi wa hapa. Upepo, maji usoni, ndege weupe juu ya miamba. Nimebishana na katekista mmoja, Ansgar, anayedai mwanamke akisoma sana, kama mimi, anakauka. Nikamwuliza, yeye kilichomkausha ni nini? Masele nusura aangushe kasia.

Chakula cha jioni: ugali wa muhogo, dagaa wa nyanya. Sahani mbili. Hata chembe ya mchanga sikuikuta. Nikasema moyoni, Mama Justina anajua kuosha.

Jumanne, 8 Agosti
Rwamgasa kwa lori, juu ya marobota ya pamba. Nilitaka kuona dhahabu inayosifiwa. Nimemkuta mzee Nkwabi kijitoni na karai lake, anaosha mchanga, anauzungusha, anaumwaga. Akanionyesha punje ndogo kuliko ulezi. "Usipumue, Mwalimu, itaondoka." Nikamwuliza kwa nini asilime. Akasema analima, nimetazama mikono yake tu, miguu sijaitazama. Kweli — tope jeusi la shamba mpaka magotini. Nikamwomba radhi. Hutokea mara chache.

Kurudi, lori zima linaimba. Ziwa lilipochomoza nyuma ya kilima nikasema kwa sauti, "Nyumbani!" Nimejishangaa.

Alhamisi, 10 Agosti
Barua imetoka gazetini. Masele ameisoma kwa sauti hapo mgahawani, mbele ya watu wote. Kwanza walicheka. "Kasenyi wanalisha taifa mchanga" — sentensi yangu, na niliipenda! Kisha mwenyekiti wa kijiji akaja na karatasi: bwana afya amesoma gazeti, anakuja Jumamosi. Akiridhika kwamba ni kweli, ufuo wote unafungwa. Hakuna kuanika.

Dagaa asipopata jua siku moja, ameoza. Wanawake hawa hawana kazi nyingine.

"Huyu Mwiba ni mwanamume," Mama Justina akasema. "Tena wa ofisini. Mwanamke angeuliza kwanza."

Chai ilikuwa ya moto. Nimeimeza yote kwa mkupuo.

Ijumaa, 11 Agosti
Leo ndiyo nimemwuliza Mama Justina kuhusu wale dagaa wa mchangani. Siku kumi na moja nimekaa hapa!

"Wale pale lori linaposimama? Wale wa kuku na bata, Mwalimu. Waliovunjika. Wa watu wako nyuma ya mawe. Hujafika?"

Sijafika. Kisiwani nimefika, Rwamgasa nimefika. Nyuma ya mawe, hatua mia mbili, sijafika. Akanishika mkono. Vichanja vya matete, vimetandikwa nyavu kuukuu, dagaa wanang'aa kama sindano. Wanawake wanawageuza kwa vidole, mmoja mmoja, wakichambua. Viatu vimeachwa mbali. Hakuna anayekanyaga hapo na viatu. Nikavua vyangu. Nimegeuza mpaka mgongo ukauma. Wamenicheka — nageuza kama ninayesahihisha daftari! Sijafurahi hivi kwa miaka.

Na huwa nawaambia wanafunzi wangu nini? Nenda ukaone, ndipo uandike.

Nilitaka kumwambia pale pale. Akanipa wale wakubwa, niwapeleke Shinyanga. Nikashindwa.

Jumamosi, 12 Agosti
Naandika nimekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Ufuo umejaa. Bwana afya amekuja na viatu vyake vinang'aa, kasimama palepale niliposimama mimi siku ile, anatazama dagaa wa kuku. Mawe hajavuka. Gazeti liko mkononi.

Anasoma. Anasoma vizuri, jamani. Barua kali! Haina kosa hata la nukta, na ni ya uongo.

Wanawake wanapiga kelele. Mwenyekiti anasema wasipige kelele wote, wamchague mmoja wa kuwasemea. Wanatazamana.

Mama Justina anakuja moja kwa moja kwangu, khanga kaifunga kiunoni. "Mwalimu, wewe ndiye unayejua kusema na hawa. Funga hilo daftari. Simama umjibu Mwiba."

Navua viatu, nimwongoze bwana afya nyuma ya mawe.