Wati kumi na moja za Ndalahwa

Nkuba, acha kila kitu. Ndalahwa katuaibisha hapa Mlima Nyoka, na mimi nimo!

Si unajua ule msafara wa wazee wa kwenda Iringa kwa baiskeli? Kocha Lusia kafunga kipima nguvu kwenye pedeli, kasema asiyefikisha wati mia mlimani anabaki Mbeya. Ndalahwa kapanda akihema kama ng'ombe wa plau. Kipimo kikasoma kumi na moja.

KUMI NA MOJA, Nkuba! Mama Marta kapata mia na ishirini, na alikuwa anaimba nyimbo za kwaya.

Mzee akawaka. "Wizi huu! Mwaka sabini na sita mlinipunja mpunga kwenye mizani, leo mnanipunja miguu!" Mimi nami nikapanda juu ya jiwe, nikapiga kelele haki itendeke.

Lusia kauliza kwa upole, "Baba, kabla hujaanza kupanda, kipimo kilipokuwa kinajiweka sifuri, mguu wako ulikuwa wapi?"

"Juu ya pedeli! Nilikuwa nakilinda kisichezewe."

Alikuwa anakilinda, Nkuba! Kipimo kimechukua uzito wa mguu wake kuwa ndiyo sifuri, kikamkata wati zake njia nzima. Nikashuka kwenye jiwe kimyakimya.

Karudia sasa hivi, safari hii kipimo kimejiweka sifuri yeye kasimama pembeni. Mia na kumi na nane! Iringa anakwenda. Watu wanashangilia, yeye kasimama mbele ya Lusia, mikono kiunoni:

"Mia na kumi na nane tu? Zangu nyingine mmezipeleka wapi?"