Mlango wa Upande wa Baba

3 Februari

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko uliko? Kifua chako kinaendeleaje na hiyo baridi? Mimi mzima, ila goti ndilo linanikumbusha umri. Simu uliyonitumia bado iko ndani ya boksi lake, usinifokee. Karatasi tunaelewana.

Nina swali la ufundi. Gari la baba yako bado linawaka, lakini mlango wa upande wake, ule wa abiria, umeshuka. Nikiufungua unainama kama mtu aliyechoka, na kuufunga ni mpaka niunyanyue kwa mikono miwili. Tangu tumzike mwaka jana hakuna aliyekaa upande ule. Fundi wa barabarani ameutazama, akasema gari niliuze kwa kilo. Nikamwambia nina mtoto fundi kuliko yeye. Basi niandikie namna ya kuutengeneza hapa uani, taratibu, kama unamwelekeza mtu asiyejua spana.

Mama yako


20 Februari

Shikamoo mama,

Natumaini goti limepoa. Mimi sijambo, kikohozi kimekwisha, na gereji kazi zimejaa.

Mlango ni mzima, mama. Kilichokwisha ni bawaba. Ufungue nusu, ushike chini upande wa komeo, unyanyue. Mlango ukicheza, ujue pini zimelika. Weka jeki chini ya mlango, na juu ya jeki kipande cha ubao na tambara, upandishe mpaka ibebe uzito wote. Itoe pini ya juu kwanza, uigonge kutoka chini kwa nyundo na kipande cha nondo. Usitoe zote mbili kwa pamoja, mlango utakuangukia mguuni. Kila pini inapita kwenye bushi mbili, vile vijipete vya shaba. Kwenye kifurushi hiki nimekuwekea pini na bushi mpya. Ingiza bushi, paka grisi, gonga pini, kisha hamia bawaba ya chini.

Pini zililika kwa sababu baba aliushikilia mlango kila alipotaka kuinuka, miguu ilipomwishia nguvu. Sasa hakuna wa kuuning'inia. Hizi zitadumu kuliko gari lenyewe.

Binti yako


14 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Unakula? Mimi nakula, tena sana, maana kazi ya jeki inatia njaa.

Niliimaliza kwa siku mbili. Kidole gumba kimevimba, lakini mlango ukawa unafunga kwa kusukuma kwa kidole kimoja. Nilimwita jirani yangu mshonaji aje ausikie. Akaufunga mara sita, akasema sauti yake ni kama ya mkoba mpya unaofungwa.

Siku ya nne ukashuka tena. Nimetoa pini kuzitazama. Bushi zako zimelika upande mmoja, nyembamba kama kucha. Nakurudishia moja uione mwenyewe.

Mama yako


30 Machi

Shikamoo mama,

Habari za kidole? Mimi mzima.

Bushi nimeiona, na bosi wangu nimemwonyesha. Anasema kulika hivyo ni kazi ya miaka kumi. Kuna mtu anauning'inia huo mlango, mama, labda watoto wa mtaani wanaufanya bembea. Nakutumia nyingine. Ukishazifunga, tia ufunguo, kisha piga mstari mmoja wa chaki kuanzia kwenye mlango mpaka kwenye bodi ya gari. Tuone kama mstari utaachana.

Binti yako


18 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi sina homa wala sijachanganyikiwa, nakwambia mapema.

Mtaa huu una mtoto mmoja tu, naye hajaanza kutambaa. Mlango niliufunga kwa ufunguo, na ufunguo nikaufunga kwenye pindo la nguo. Siku ya tatu mstari wa chaki umeachana, upana wa kidole. Juu ya ukingo wa mlango vumbi limefutika sehemu nne, zimepangana, kama mtu aliyeshika hapo kwa nguvu.

Basi nikaketi na kiti changu, nikachambua mchele huku nikilitazama gari. Saa kumi jioni, ile saa tuliyokuwa tukirudi naye kutoka kliniki, gari likashuka upande ule. Springi zikalia. Kiti chake kikarudi nyuma, taratibu, mpaka mwisho. Mlango ukatetemeka, ukainama. Halafu kimya.

Sikuogopa sana. Nilikasirika zaidi, maana nilikuwa nimetoka kupaka grisi.

Wewe ndiye uliyekuwa naye siku ile ya mwisho kabla hujasafiri. Kulikuwa na nini?

Mama yako


20 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Hujanijibu. Bushi zimekwisha.

Mama yako


11 Juni

Shikamoo mama,

Nisamehe kukaa kimya. Mwili mzima, moyo ndio haukuwa mzima.

Siku ile nilimpeleka kliniki. Njiani tuligombana kuhusu safari yangu. Alisema nakwenda kutengeneza magari ya watu wasionijua na kumwacha yeye. Tulipofika nyumbani nikamfungulia mlango, akaninyooshea mkono, akasema, "Nishike, fundi." Nikamwambia, "Shika mlango." Nikaingia ndani kupanga begi. Nilimwona dirishani. Alijaribu mara tatu ndipo akasimama. Kesho yake nikaondoka. Mliponipigia kwamba amefariki, nauli nilikuwa nayo, mama. Nilidanganya niliposema sina.

Utoe huo mlango. Ung'oe kabisa na bawaba zake, uegemeze ukutani. Asiwe na cha kushika.

Binti yako


27 Juni

Mwanangu,

Pole kwa kuubeba huo mzigo peke yako. Hilo la mkono nililijua. Aliniambia jioni ileile, bila hasira. Alisema tu, "Atarudi anipe."

Mlango nimeutoa, mshonaji amenisaidia kuubeba. Siku mbili zikapita vizuri. Ya tatu, mlango wa mbele wa nyumba ukashuka upande wa kitasa, ukawa unakwaruza sakafu. Halafu wa sebuleni. Juzi ni wa chumba chako, na huo haujatengemaa tena.

Jana sikuvumilia. Saa kumi nilisimama pale penye uwazi garini, nikanyoosha mkono wa kulia, nikasema, "Haya mzee, shika." Uzito ulikuja polepole, kama ndoo inayojaa maji. Nikamwinua. Halafu nikaogopa, nikauvuta mkono kabla hajamaliza kusimama.

Uzito umebaki. Bega langu la kulia limeshuka. Mshonaji amenipima kwa futi yake, anasema vidole viwili. Barua hii naiandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana maandishi yanapepesuka.

Mama yako


8 Julai

Mama, shikamoo.

Naja. Nimepewa ruhusa, basi langu litafika Ijumaa ya tarehe 24, saa tisa na nusu. Nakuomba usimpe mkono tena. Rudisha mlango garini, ashike huo mpaka nifike. Yaliyobaki niachie mimi.

Binti yako


16 Julai

Mwanangu mpendwa,

Barua imefika, na mimi sijambo. Bega halijapona, lakini halijaongeza.

Mlango nimeurudisha leo. Nilipoigonga pini ya mwisho, ule wa chumba chako ukanyanyuka wenyewe, nikausikia toka uani. Nilipogeuka, kiti cha mbele kilikuwa kimeshasogea nyuma.

Usichukue teksi. Tutakuja kukupokea kituoni, nitaendesha mimi, mkono wa kushoto unatosha. Ukituona, usianze kunisalimia mimi. Pita upande wake, mfungulie, mpe mkono, na usiseme kitu mpaka asimame. Usiuvute mkono upesi kama mimi. Ngoja mpaka uwe mwepesi kabisa.

Na kama hautakuwa mwepesi, tutagawana.

Mama yako